Hapa pa Kuonea Bure

Bwana Misitu alikuwa na sheria moja kwa watu wote wa Kisarawe na sheria nyingine kwa miti iliyosimama mbele ya bahari. Mtu akikutwa msituni na fito mbili begani, hata kama ni za kujengea choo, atasimamishwa, ataulizwa, kisha atarudishwa mpaka pale alipozikata ili akione kisiki chake. "Kitazame," ataambiwa. "Kitazame vizuri. Huo ulikuwa mti." Lakini tawi likithubutu kurefuka kule juu ya kilima, penye upenyo ambamo Dar es Salaam nzima inaonekana, siku ya pili utalikuta chini, limekatwa kwa panga lililonolewa, na Bwana Misitu anapita mbali akipiga mluzi, hana habari.

Nilimwuliza mara moja kuhusu matawi hayo. Akanitazama kama niliyemvunjia heshima. "Mimi sikati mti," akasema. "Nausogeza."

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alioa lini, sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Ninachokijua ni kile nilichokiona kwa miaka niliyofanya kazi pale. Nakiandika kwa sababu kuna jambo sikumfanyia. Mpaka leo nikimsikia mwuza duka anasema kitu fulani anatoa bure, moyo unaniruka kwanza, ndipo nakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima na hakuna anayeniita ofisini.

Kwanza cheo chake. Hakuwa Bwana Misitu. Bwana Misitu wa kweli alikuwa ofisa mwenye cheti na pikipiki, aliyekuja mara mbili kwa mwezi, akakagua, akala chakula cha mchana, akaondoka. Wetu alikuwa mlinzi tu, mwenye kaptula ya kaki, kofia iliyofifia na viatu alivyovivaa siku za wageni peke yake. Lakini watu walimpa cheo na yeye akakipokea. Ofisa mwenyewe alipokuja, watu walimwita "yule wa pikipiki".

Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, maana wengine waliokuwamo wapo hai na wana wajukuu. Nilitoka kwetu Mlandizi na sanduku la bati na cheti cha kupiga chapa, nikakabidhiwa mashine yenye herufi A iliyokuwa ikikwama. Mimi ni mtu wa wasiwasi, nilizaliwa nao. Barua ikirudishwa nichape upya, silali. Mkuu wangu akikohoa chumba cha pili, najiuliza nimekosa nini. Bwana Misitu aliligundua hilo siku ya kwanza alipokuja kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mshahara. Akasimama akinisikiliza ninavyochapa, akasema, "Binti Mashine, hicho chombo hakikufukuzi. Nenda polepole."

Tangu siku hiyo nikawa Binti Mashine kwa Kisarawe nzima.

Njia ya kwenda kwenye upenyo ilipita nyuma ya ofisi, ikakata mashamba ya muhogo na mikorosho, ikaingia msituni na kupanda. Ukitembea bila haraka ni robo saa. Halafu miti inaachia ghafla, na chini yako kuna ubichi wa miti ya Pugu, kuna reli, kuna moshi wa viwanda, kisha mabati, mabati, mabati, kisha bandari na meli zake, na mwisho bahari yenyewe. Watu walikwenda jioni baada ya alasiri, wengine na watoto mgongoni. Hapakuwa na kiti wala ua. Bwana Misitu alisimama pembeni, mikono nyuma, mfano wa mwenye nyumba anayetazama wageni wakila chakula chake na anataka kujua kama chumvi imetosha.

Kila mtu aliulizwa swali lilelile: "Umeona nini kwanza?"

Hakuwa akiuliza ili kupoteza wakati. Alikuwa na maoni yake. Aliyeona meli kwanza, alisema, mtu huyo ana safari moyoni. Aliyeona bahari yenyewe kabla ya kitu kingine hana mgonjwa nyumbani. Wanawake wengi waliona Kariakoo kwanza, kwa sababu watoto wao walikuwa huko. Mimi siku ya kwanza niliposimama pale niliogopa kuanguka, nikashika mti.

"Umeona nini kwanza?"

"Hapa ninaposimama, mzee."

Akacheka mpaka kofia ikateleza. "Umepanda mlima wote huu kuja kuona miguu yako mwenyewe."

Miaka yote hiyo sikuwahi kumpa jibu jingine. Nilikwenda karibu kila wiki, nikashika mti uleule, nikaona miguu yangu, kisha ukingo, kisha ndiyo mji. Naye aliniuliza kila mara, na kila mara alisubiri jibu kana kwamba leo huenda likabadilika.

Palikuwa na mama mmoja aliyeuza muhogo wa kuchemsha pale magari ya Dar yaliposimama. Tulimwita Mama Muhogo. Mwanawe alikuwa kuli bandarini na alikuwa hajaleta salamu kwa muda mrefu. Kila Ijumaa, sinia likiisha, alipanda kilimani. Hakutazama kitu kingine. Aliuliza tu, "Bandarini wapi?" ingawa alipajua vizuri, na Bwana Misitu alinyoosha kidole, na yule mama alikifuata kile kidole kwa macho mpaka akaridhika, akashuka.

Ijumaa moja tulikuta moshi mweusi umesimama upande uleule wa bandari, mnene, hauondoki. Mama Muhogo akashika shuka la kifuani kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe niliogopa, na sikuwa na mtu bandarini.

"Matairi hayo," akasema Bwana Misitu bila kugeuka. "Wanachoma matairi mabovu."

"Kweli, baba?"

"Moshi wa nyumba haupandi wima hivyo. Matairi."

Yule mama akashuka ametulia. Nilipobaki naye nikamwuliza amejuaje kama ni matairi.

"Sijui kama ni matairi," akasema. "Lakini kwa magoti yale asingefika chini ya mlima."

Mwana wa Mama Muhogo alikuja Sikukuu ya Idi na doti ya kanga kwa mama yake, mzima kabisa. Kwa hiyo sikumlaumu Bwana Misitu. Niliona tu kwamba mtu huyu anajua kusema uongo bila kupepesa jicho iwapo kuna mtu wa kumfunika, na nikafikiri ni jambo la kuchekesha kwa mtu anayewasomea wenzake sheria kwa sababu ya fito mbili. Sikujua kwamba siku moja atakayefunikwa ni mimi.

Mji wenyewe aliupenda kwa mbali tu. Kila alipotumwa Dar alirudi na taarifa za mahali ambapo mtu anaweza kukaa asiulizwe kitu. Alijua bustani yenye miti mikubwa karibu na pwani, na benchi lipi limevunjika mguu. Alijua saa ambayo kivuli kinafika ufukweni Kivukoni. Alijua viwanja vya Mnazi Mmoja siku vikifyekwa na siku vikiachwa. Alitueleza haya barazani kwa utaratibu, na watu ambao hawakuwa na safari ya Dar mwaka mzima walisikiliza na kuuliza maswali, kama wanaopanga kwenda kesho.

Siku moja tulitumwa pamoja, yeye na bahasha yake, mimi na mashine iliyokuwa inapelekwa kutengenezwa. Tulipofika Mnazi Mmoja ikabidi tuvuke barabara. Hakuvuka. Alisimama ukingoni akitazama magari, jasho likimtoka chini ya kofia. Kila niliposema "twende" aliinua mguu mmoja na kuurudisha. Mwishowe akamshika mkono wa shati mwanamume asiyemjua, akavuka naye, akamshukuru kwa kirefu. Nilidhani mimi ndiye mwoga pekee wilaya nzima.

"Kule juu yanakwenda polepole," akaniambia tulipofika kwenye ile bustani na kuketi kwenye lile benchi bovu.

Kitu kingine alichokiogopa ni ubao. Miaka ile ya kisomo cha watu wazima kila kijiji kilikuwa na darasa la jioni, na wazee wenye mvi walishika chaki. Bwana Misitu alihudhuria. Alikaa nyuma, akasikiliza, akaitikia salamu, lakini alipoletewa daftari alilirudisha kwa adabu. Alisema macho yake ni ya mbali, karibu hayaoni. Mwalimu alimwomba, akamtania, akamwacha. Dole gumba lake likaendelea kuwa jeusi kila mwisho wa mwezi.

Sasa nifike kwenye kibao, ambacho nimekuwa nikikizunguka.

Watu wageni walianza kuja kilimani, wengine kutoka mjini kabisa, na wengi walisita njiani. Waliogopa msitu wa serikali. Walisimama pale chini, penye kibanda cha Bwana Misitu, wakauliza kama kuna kibali, kama kuna kiingilio, kama watakamatwa. Jambo hilo lilimuumiza. Alikuja ofisini mchana mmoja, Mkuu akiwa hayupo, akasimama mbele ya meza yangu.

"Binti Mashine, nataka kibao. Mtu akifika pale asiogope."

"Kiandikwe nini, mzee?"

Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kutangaza: "Hapa pa kuonea. Bure."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mdomoni mwake mara mia. Kwake kuonea ni kuonea tu: mahali unapoonea mji, unapoonea bahari. Nikachukua ubao wa sanduku la chai, nikaingia stoo, nikapata mkebe wa rangi nyekundu iliyobaki wakati wa kuandika namba kwenye nyumba za watu waliokuwa wanahamishiwa vijijini. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa mstari mmoja, bila nukta: HAPA PA KUONEA BURE. Nikafurahi. Mwandiko wangu ulisifiwa tangu shule, ila R yangu, ambayo mguu wake nauachia mbele sana. Mkuu wangu alizoea kunitania kwamba R yangu inataka kukimbia.

Msomaji ameshaona. Mimi sikuona, na Bwana Misitu hakujua kusoma.

Siku hizo neno kuonewa lilikuwa katika kila mkutano. Tulionewa na wakoloni, tulionewa na makabaila, hatutaonewa tena. Na njia ile ilipita kwenye vihame vya familia zilizokuwa zimetolewa pembezoni mwa msitu na kupelekwa kijijini kando ya barabara, wengine hawajamaliza hata kuezeka. Kibao kikasimama hapohapo, chekundu, kwa rangi ileile ya namba za nyumba zao, kikisema kwamba hapa watu wanaonewa bure. Baadhi ya waliohama walipita, wakasoma, wakacheka chinichini, wakaenda kuwaambia wenzao. Nadhani ndiyo sababu hakuna aliyetuonya, walikipenda.

Kilikaa wiki tatu. Halafu akaja mgeni kutoka mkoani, akataka naye kuona huo mji unaosifiwa, akapanda, na hakufika juu. Alisimama mbele ya kibao akakisoma mara mbili, akaking'oa mwenyewe, akashuka nacho.

Mkuu wangu aliniita nichape barua. Alisimama nyuma yangu akisoma kwa mdomo, nami nikachapa. Nilipofika kwenye maneno yenyewe nikachapa "hapa pa kuongea bure".

"Kuongea?" akasema Mkuu. "Unataka tufungwe wote? Hiyo ni mbaya kuliko ya kwanza. Toa karatasi, anza upya."

Nikaanza upya. Barua ilimtaka mlinzi afike ofisini aeleze ni nani aliyeandika kibao cha kuikejeli serikali. Nilichapa nakala nne, na kila nakala ilikuwa inaniuliza mimi.

Siku tatu zilizofuata sikula vizuri. Nilijua la kufanya. Nilitakiwa kugonga mlango wa Mkuu, niseme, ni mimi, na sikukusudia. Nilifika mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mtu. Mara ya pili alikuwa peke yake, akaniuliza nataka nini, nikasema karatasi za kaboni zimekwisha. Niliwaza kazi yangu, niliwaza mama yangu Mlandizi aliyeitangaza kazi hiyo kwa kila jirani, niliwaza rangi niliyoichukua stoo bila ruhusa. Nikampelekea Bwana Misitu barua yake kwa mkono wangu, nikamsomea, kwa kuwa asingeweza kuisoma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe neno linasomeka hivyo," akasema.

"Mzee, nitasema ni mimi."

"Utasema siku gani?"

Nikasema siku ya kikao. Akatikisa kichwa, akarudi kunoa panga lake.

Kikaoni walikuwa watatu: Mkuu wangu, mgeni wa mkoani na yule wa pikipiki. Mimi nilikuwa pembeni na daftari la muhtasari. Bwana Misitu aliingia amevaa viatu. Kibao kilikuwa mezani.

"Unakijua hiki?" akauliza mgeni.

"Nakijua. Changu."

"Nani amekiandika?"

Ncha ya penseli yangu ikavunjika. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo, lakini hakuna kilichotoka.

"Mimi mwenyewe," akasema Bwana Misitu.

Mkuu wangu akacheka. "Wewe? Wewe wa dole gumba? Mimi ndiye ninayekushikia wino."

"Dole ni la mshahara. Mkono ni wa kibao."

Mgeni hakucheka. Akasema apewe chaki.

Bwana Misitu akaenda ubaoni, yeye ambaye alikuwa amerudisha daftari la kisomo mwaka mzima. Akaanza na H. Aliweka mstari mmoja, akautazama, akaweka wa pili. Akaandika A, akaandika P. Aliandika polepole, bila kukosea, kwa ukubwa uleule na kwa kuinama kulekule, na mimi niliyaona maneno yangu yakitoka mkononi mwake, moja baada ya jingine. Wiki tatu alikuwa amepita mbele ya kibao kile kila siku asubuhi na jioni, na mimi nilikuwa nikifikiri anakilinda tu. Alipofika kwenye R ya BURE, akauachia mguu mbele, mbali sana, kama wangu.

Mkuu akaitazama ile R. Kisha akanitazama mimi. Nikainamia daftari na penseli isiyo na ncha, nikajifanya naandika. Mpaka leo sijui alijua au hakujua.

"Na ulikusudia nini?" akauliza mgeni.

"Kuona. Mtu anasimama pale, anaona, halipi kitu."

"Basi si ungeandika kutazama?"

"Kutazama siwezi kuandika," akasema Bwana Misitu.

Walidhani ni jeuri. Yule wa pikipiki hata alipiga meza. Mimi peke yangu mle ndani nilijua kwamba alikuwa amesema kweli tupu: mzee alikuwa na mstari mmoja tu duniani, na T haimo, wala Z, wala M.

Hawakumfukuza. Walimhamishia upande wa Kibaha, Kongowe, akapande miti kwa mistari kwenye tambarare, mahali ambapo hakuna cha kuonea. Upenyo uachwe ujifunge. Nilichapa muhtasari. "Mlinzi amekiri kuandika kibao." Mimi niliyekosea kila siku, sentensi hiyo niliichapa bila kosa hata moja, na ile A haikukwama.

Lori lilikuja kumchukua Jumamosi asubuhi, likasimama mbele ya ofisi. Watu walitoka kumuaga. Mama Muhogo alileta muhogo umefungwa kwenye jani la mgomba. Nilisikia sauti zao zote kupitia dirishani, nikasikia akisema "haya, haya, tuombeane", nikamsikia dereva akiwasha injini, akaizima, akaiwasha tena. Mimi nilikaa kwenye mashine nikichapa herufi zozote zilizokuja, ili isikike kuwa nina kazi.

Mvua mbili zikatosha. Matawi yalikutana, na mtu asiyepajua angepita asijue kwamba palikuwa na mji mzima nyuma ya majani. Mama Muhogo aliendelea kupanda siku za Ijumaa kwa muda, anafika nusu ya njia, anarudi. Nilikuwa na mikono miwili na ningeweza kununua panga. Sikupanda tena kilima kile.

Miaka ikapita, vita vya Uganda vikapita, nami nikahamishwa kwenda Kibaha nikiwa mkubwa wa makarani, na wasiwasi wangu vilevile. Nilijua Kongowe ni hapo tu. Kila gari nililopanda likipita Kongowe niligeuza uso upande wa pili wa barabara, kana kwamba atakuwa amesimama ananisubiri mimi. Mwaka wa kwanza nilisema nina kazi nyingi. Mwaka wa pili nilisema huenda amekufa. Mwaka wa tatu nilikuwa Kwa Mathias, hapohapo Kibaha, kwenye foleni ya sukari, na wanawake wawili mbele yangu walikuwa wanacheka.

"Kuna mzee Kongowe amejenga dungu refu shambani," mmoja akasema, "na shamba lenyewe halina hata nyani wa kufukuza. Ukimwuliza la nini, anakupandisha juu, halafu anakuuliza umeona nini kwanza."

Sukari niliipata robo kilo. Sikuipeleka nyumbani.

Nilimkuta anapalilia mihogo, amevaa kaptula ileile au pacha wake. Kofia haikuwapo. Alikuwa amestaafu, mjukuu wake mmoja tu akiishi naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaweka jembe, akanitazama kwa kirefu. "Binti Mashine. Umenenepa."

Nikampa sukari, akaishukuru kwa mikono miwili. Dungu lilikuwa nyuma yake, fito nne ndefu na ngazi, na kwenye fito ya mbele palikuwa na ubao ulioandikwa kwa mkaa. HAPA PA KUONEA BURE. Na ile R yangu, inakimbia.

"Panda," akasema.

"Mzee, mimi na juu..."

"Najua wewe na juu. Panda."

Nilipanda nikishika kila fito kwa mikono miwili, naye akanifuata nyuma kama anayemsukuma mbuzi. Juu palitosha watu wawili. Palikuwa na miti aliyoipanda mwenyewe, mistari na mistari, barabara ya Morogoro na malori yake, kisha ubichi usiokwisha, na mbali kabisa, upande wa jua linakotokea, mstari wa buluu ulioinuka kidogo.

"Umeona nini kwanza?"

Sikuwa nimetazama miguu yangu. Nilishtuka mwenyewe kuligundua hilo. "Kisarawe," nikasema.

"Eeh." Akanyoosha kidole. "Unapaona pale palipobonyea? Pale ndipo nilipokuwa nasimama." Akashusha mkono. "Upenyo umeziba."

"Umeziba, mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena, nikayatoa yote kwa mkupuo, kwamba kibao kile niliandika mimi, kwamba nilisema nitasema na sikusema, kwamba neno lenyewe nilikosea, tungeandika kutazama yasingetokea yote haya.

"Hapana," akasema. "Mtu akitazama bure hakuona kitu. Pale watu waliona."

"Lakini nilinyamaza."

"Ungesema ningekuona mjinga. Wangetuhamisha wawili."

Nilidhani yamekwisha, na kwamba ningeweza sasa kushuka na kwenda nyumbani kulala usingizi wa watu wengine. Bwana Misitu alikuwa bado anatazama ule mstari wa buluu.

"Ila siku ya lori nilikungoja," akasema. "Nilimwambia dereva azime, kuna mtu hajaniaga."

"Nilikuwa nachapa, mzee."

"Nilisikia. Ilikuwa inachapa ovyo."

Nililia palepale juu ya dungu, nimeshika fito, na yeye hakuniambia ninyamaze. Baadaye alinisaidia kushuka, hatua moja moja, akichagua mahali pa kila mguu wangu.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na tulipofika nikasimama mbele yake kama inavyotakiwa, nikampa mikono yote miwili.

"Kwaheri, mzee wangu. Kwaheri ya kuonana."

Aliinama, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akachukua kijiti, akaandika polepole, herufi kwa herufi, kwa ule mwandiko wangu. KUONANA.

"Hili sikufundishwa," akasema. "Nimelitoa mlemle."

Gari la Kwa Mathias likaja, likapunguza mwendo. Nikalipungia mkono lipite.